Lenzi na Kisanduku cha Kuzungushia Saa

Mtaa mzima ulimwita Lenzi, kwa ajili ya kile kioo cheusi cha kukuzia alichokuwa akikipachika jichoni tangu ujana wake, hata watu wakazua kwamba analala nacho. Alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilikuwa kwenye ujia mwembamba kati ya duka la dawa na duka la fotokopi: meza moja, taa moja ya shingo ndefu, kabati la vidroo ishirini na vinne, na kiti kilichokwisha bonyea upande mmoja. Hapo alikaa miaka thelathini na minane.

Na ulimi alikuwa nao. Mtu akija kulalamika kwamba saa yake ya otomatiki, ile isiyo na betri, inasimama kila baada ya siku mbili, Lenzi huifungua, huichungulia, huifunga, kisha humrudishia mwenyewe.

"Saa yako haina ugonjwa, mzee wangu. Humu ndani mna kipande cha chuma kama nusu ya kisahani. Ukitembea, ukipunga mkono, kinazunguka na kuikaza springi. Sasa wewe tangu ustaafu safari yako ni kitandani na kwenye kochi. Saa itakula nini?"

Watu walicheka, wakaenda zao.

Kiharusi kilimkuta palepale mezani, Jumanne asubuhi, saa ya mwalimu mmoja mstaafu ikiwa mbele yake vipande vipande. Mwenye duka la fotokopi alisikia taa ikianguka. Alipoingia alimkuta Lenzi ameegemea kabati, mdomo umekwenda upande, akihangaika kutamka neno. Walipokuwa wakimpakia kwenye gari ndipo jirani alipolielewa: "Funika." Kisahani cha skrubu kifunikwe, zisije zikapotea.

Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani kauli ilikuwa imerejea, mguu unaburutika lakini unakwenda. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Ulilala mapajani kama mzigo wa watu alioombwa autunze.

Mkono huohuo ndio aliouvalia saa yake. Ilikuwa otomatiki yenye siku, tarehe na mwezi. Aliiokota ujanani kwenye lundo la vyuma chakavu, imekufa kwa kutu, akaifufua kwa miaka miwili, kipuri baada ya kipuri. Mkewe akawa anamvalisha kila asubuhi. Siku ya tatu ikasimama. Wakaipanga upya, ikasimama. Wakaihamishia mkono wa kulia, ule mzima. Lakini mkono wa mtu anayekaa dirishani kutwa unafanya kazi gani? Kushika kijiko, kushika kikombe, kufukuza nzi. Ikasimama tena.

"Sasa na mimi nimekuwa wale wateja wangu," Lenzi alimwambia mkewe, na safari hii hakucheka mtu.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alizipata habari hizo kwa simu. Mwezi haukuisha akatuma kifurushi. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi chenye mfuniko wa kioo, kimto cha kuvalishia saa, na waya wa umeme. Ukikiwasha, kimto kinazunguka polepole, kinatulia, kinazunguka tena.

Mkewe alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu, mtu wa mihuri na tarehe, na kifaa kile kilimpendeza tangu alipokiona. "Haya fundi, nieleze. Kinatumiwaje?"

"Wateja nilikuwa nawakataza," Lenzi alisema. "Saa ya kawaida usipoivaa iache ilale, haifi. Siku ukiitaka unaikaza kwa mkono, unaipanga, basi. Kifaa hiki ni cha mwenye saa ya tarehe na miezi, ambayo kuipanga upya ni kazi."

"Kwani yako ni ipi?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Basi akamwelekeza. Zipo saa zinazojikaza zikizungushwa kulia, zipo za kushoto, zipo za kote kuwili. Yake ni ya kulia. Aanze na mizunguko mia sita na hamsini kwa siku. Ikisimama aongeze kidogo, isiposimama asiguse kitu. Isizungushwe mfululizo, ipate mapumziko. Na asikiweke karibu na redio, maana sumaku ya spika itaivuruga. Mkewe aliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki, kwa mwandiko wake wa posta.

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati la vyombo, na saa haikusimama tena. Kila asubuhi mama yule alikichungulia kabla hajachemsha maji. "Inakwenda!" humwambia mumewe. Hakumwambia jambo lingine aliloliweka moyoni: kwamba maadamu saa inakwenda, na mkono utarudi. Lenzi naye alilijua, maana wameishi pamoja miaka mingi mno mtu kuficha kitu.

"Afadhali yenyewe," humjibu.

Mwezi wa nne tangu augue akaja yule mwalimu mstaafu, kaleta mkate na majani ya chai.

"Sikufuata saa, fundi. Nimekuja kukujulia hali tu."

"Nashukuru, mwalimu. Saa yako nayo mgonjwa mwenzangu."

Mwalimu akaona ampe moyo. "Usikate tamaa, ndugu yangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo, mwalimu," Lenzi akasema. "Wazee walisema koleo. Mkono hawakuutaja."

Hata hivyo maneno yale yalimwingia. Mgeni alipoondoka akamtuma mkewe kibandani akalete vipande vya saa ya mwalimu, kile kisahani cha skrubu, taa, na jiriwa ndogo ya kubania. Jiriwa ikafungwa kwenye meza ya kulia chakula. Siku mbili alifanya kazi kwa mkono mmoja, lenzi jichoni, mkewe akimpangusia jasho. Magurudumu manne yalikaa mahali pake. Jioni ya siku ya pili alikula akamaliza sahani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu atoke hospitali.

Siku ya tatu ilibaki sehemu ya mwisho, kigurudumu kinachokwenda huku na huku, chenye springi nyembamba kuliko unywele. Kukishusha hicho kunataka mikono miwili: mmoja unashusha, mwingine unatuliza. Lenzi akapumua, akashusha. Kibano kikateleza. Springi ikajikunja, ikanasa, ikavutika kama uzi uliofumuka.

Akakiweka kibano mezani.

"Haitengenezeki?" mkewe aliuliza.

"Nimeiua saa ya mwalimu," alisema. "Ilikuja inachelewa dakika tano tu."

Mwalimu alivichukua vipande vyake ndani ya bahasha ya dawa. Alisema haidhuru, tena kwa upole, akamshika bega. Hakuja tena. Mwisho wa mwezi ule kibanda kilichukuliwa na fundi simu, na kabati la vidroo ishirini na vinne likaletwa nyumbani, likakosa pa kukaa, likawekwa ukumbini nyuma ya mlango.

Dada wa mazoezi ya viungo, aliyetumwa na hospitali tangu mwanzo, aliendelea kuja kila wiki, akiukunja na kuukunjua ule mkono. Mwezi wa kumi alimwita mama mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama, sitaki kukudanganya. Mkono ulipofika ndipo hapo. Zaidi ya hapa sioni."

Mama alirudi ndani akijipangusa mikono iliyokuwa mikavu. "Amesema tuendelee tu na mazoezi."

"Nimemsikia," Lenzi alisema. "Mama, zima hicho kisanduku."

"Kimekukosea nini? Saa inakwenda vizuri."

"Inakwenda ikamwonyeshe nani? Sikiliza. Ukiizungusha kila siku, inalika. Ukiilaza miaka, mafuta yanaganda. Yote mawili mwisho wake ni kwa fundi. Na fundi ndiye huyu unayemwona."

Mkewe akasimama mbele ya kabati la vyombo, amempa mgongo. Kimto kilizunguka, kikatulia. Akangoja kikazunguka mara moja zaidi, ndipo akauchomoa waya. Saa akaitia kwenye droo moja na vitambaa vya meza, kisanduku akakisukuma uvunguni. Kama ilisimama siku ya pili au ya tatu, hakuna aliyefungua kutazama.

Jumapili binti akapiga simu.

"Shikamoo baba. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Tunaendelea na mazoezi."

"Na kile kisanduku? Kinafanya kazi?"

Lenzi aliangalia juu ya kabati, mahali palipobaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Kizuri sana," alisema. "Umetuchagulia kitu kizuri. Haya, ongea na mama yako."

Mama akaipokea simu, akaenda kuongelea jikoni, akaufunga mlango.