Likizo Niliyoitunzia Misiba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani ningeirudisha nikajibu vingine.

Nilikuwa kijana bado, nesi mgeni hapa hospitali ya Westmead, Sydney, najiona nimeshajua dunia. Dada yangu Wairimu akanipigia simu kutoka Uingereza, kwenye ule mji wake mdogo wenye kanisa kuu la kale. Alikuwa amekubaliwa kuwatembeza wageni ndani ya kanisa hilo. Wairimu wetu wa Nyeri! Wazungu wazima wanamfuata nyuma, yeye akiwaonyesha makaburi ya maaskofu wao.

"Njoo wakati wa maonyesho ya maua," akaniambia. "Ni kila mwaka, kanisa zima linapambwa mpaka kwenye nguzo. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniona nikifanya kazi hii."

"Dada, likizo yangu naiweka. Kukitokea msiba nyumbani, nitaomba ruhusa gani tena?"

Si unatujua sisi. Ndege tunapanda kwa msiba au harusi, hatupandi kwenda kutazama maua. Nikamwambia hivyo hivyo, tena kwa kiburi, kana kwamba yeye ndiye aliyesahau alikotoka. Maskini, akacheka tu. Hakuchoka kuniita: mara maua, mara soko la Krismasi pale uwanjani, mara tamasha la kwaya wakati wa kiangazi chao. Nami kila mara, tutaona mwakani. Nikaenda kuzika hata binamu ambao, Mungu anisamehe, hatukuwahi kunywa chai pamoja.

Halafu korona ikaingia. Wairimu aliugua siku chache, akatutoka. Likizo nilikuwa nayo tele, lakini mipaka ilikuwa imefungwa. Dada yangu nilimzika nikiwa sebuleni kwangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kanisani walikaa watu wachache, kila mmoja mbali na mwenzake, wamevaa barakoa. Mzee mmoja Mzungu, mwenzake wa kutembeza wageni, akasimama akasema kwamba kila msimu wa maua Wairimu aliliambia kila kundi, "Mwaka ujao dadangu anakuja kutoka Sydney, mtamwona."

Kila kundi, mwanangu. Aliwaambia watu asiowajua kwamba nitakuja, na mimi sikuwa hata nimeuliza nauli. Niliona aibu ambayo haijaniisha.

Sikukatazi kwenda kuzika. Nenda, huo ndio utu wetu. Ila mtu wako akikuita uje umwone kazini kwake, au akuonyeshe mahali anapopapenda, usidhani anadeka. Anataka macho yako wewe, si ya mtu mwingine. Kama yupo aliyekuita, mpigie leo kabla hujala, umpe tarehe.

Mungu akujalie safari njema, na kila unakokwenda ukute aliyekuita mwenyewe ndiye anayekufungulia mlango.