Picha Aliyoivizia Ezra

Mdogo wangu Ezra hajawahi kumwambia mtu atabasamu apigwe picha. Anasema mtu akijua anapigwa anageuka mwongo. Kwa hiyo anavizia. Anapanda bodaboda, kamera ndani ya koti, anazunguka minada kutoka hapa Tarime mpaka Issenye, anapiga watu wakila, wakigombana, wakipenga kamasi. Mnada unaofuata anarudi na picha zimesafishwa, anamuuzia kila mtu sura yake. Wengine wananunua kwa hasira. Wengine wanamfukuza na fimbo, na mimi nasikitika wanapomkosa.

Tunagawana chumba kimoja cha biashara Nkende. Upande huu cherehani yangu, upande ule picha zake. Ukutani kwake nimo mimi, nimesinzia kinywa wazi juu ya kitambaa cha mteja. Yumo marehemu baba, Mzee Werema, anajikuna mgongo kwenye nguzo ya zizi. Yumo mama analia msibani. Nimemwambia mara ngapi aitoe ile ya mama?

"Dada Ester, picha haidanganyi."

Mjinga mkubwa. Nani alimwambia kwamba ukweli wote ni wa kutundikwa?

Sikilizeni alichomfanyia shangazi yetu.

Shangazi Mokami, dada wa baba, aliolewa Kenyamonta. Mume akafa, akabaki na ng'ombe bila mtoto wa kiume. Akafanya wanachofanya wanawake wa Kikurya walio katika hali yake: akatoa mahari, akamwoa binti anayeitwa Neema ili amzalie watoto nyumbani kwake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume wa kumzalisha binti huchaguliwa, anakuja, anaondoka, na hatajwi. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Akazaliwa Vincent, sasa ana miaka minne, na shangazi akawa hana habari nyingine mdomoni. Vincent amekula, Vincent amekohoa, Vincent amemchapa mbuzi.

Huyo asiyetajwa ni Hezekia, fundi baiskeli wa Issenye. Sote tulijua, sote tulinyamaza, na yeye mwenyewe alinyamaza miaka yote minne.

Mwezi wa saba Neema alikwenda na mtoto mnadani Issenye. Ezra alikuwepo, anavizia. Akamwona Hezekia amemwinua Vincent juu ya kichwa, amemshika mbavuni kwa mikono miwili, wote wanacheka, na masikio yao, Mungu wangu, masikio yaleyale yaliyosimama. Akapiga. Mnada uliofuata akampelekea Hezekia picha, tena kubwa.

"Ulijua ni mtoto wa shangazi?" nilimuuliza baadaye.

"Nilijua. Ndiyo maana nilipiga."

"Na aliyemshika?"

"Dada, mwanga ulikuwa mzuri sana."

Nilimrushia mkasi. Haukumpata, na mpaka leo najuta.

Hezekia akaitundika picha kibandani kwake. Wateja wakaanza: huyu mtoto ni wewe mtupu. Kunyamaza anaweza mtu, lakini kuulizwa kila siku usijibu ni kazi nyingine. Siku moja akajibu, "Ni mwanangu." Likishatoka halirudi. Akaibeba picha yake mpaka Kenyamonta, mbele ya wazee wa ukoo, kudai mtoto.

Wazee wakapokezana ile picha, wakayatazama masikio, wakauliza swali moja tu: ng'ombe wa mahari walitoka zizi la nani? La Mokami. Basi, kesi imekwisha. Shangazi akarudi nyumbani anapiga vigelegele njia nzima.

Lakini Neema alikuwa amekaa palepale, na picha ilipita mikononi mwake pia. Juma lililofuata shangazi alikwenda shambani, na aliporudi alikuta nyumba tupu. Neema alikuwa amepanda bodaboda na mtoto kwenda Issenye. Wazee wametuma watu mara mbili. Jibu ni lilelile: ng'ombe watarudishwa, mtoto harudi.

Jana shangazi alifika Nkende.

"Shikamoo shangazi," Ezra akasema.

Shangazi alimpa mgongo. Aliupitia ukuta wote polepole, akasimama mbele ya nakala ya ile picha, maana mdogo wangu hakuwa hata na akili ya kuitoa.

"Ya kwangu iko wapi? Mimi na Vincent."

Haikuwepo. Kuvizia kote huko, Tarime na Serengeti nzima, hakuwa na picha hata moja ya shangazi na mtoto wake.

"Shangazi, wewe kila ukiniona ulikuwa unamfuta uso, unamkalisha sawa. Haikuwa picha ya kweli."

Nilitamani kumzaba kofi. Shangazi hakupandisha hata sauti.

"Toa hiyo, mura. Mkate huyo mwanamume, unibakizie mtoto."

Ezra akachukua mkasi wangu. Akaondoa kofia, akaondoa uso unaocheka, akaondoa mabega. Alipofika kwenye mikono akasimama. Vidole vya Hezekia vilikuwa vimemzunguka Vincent mbavu za pande zote mbili. Kuviondoa ni kumpasua mtoto katikati. Akaigeuza picha huku na huku akitafuta pa kupitisha mkasi, na sikumhurumia hata kidogo.

"Shangazi, mikono haitoki."

"Iache," alisema. Akaichukua picha, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka bila kuaga.