Kunde za Jirani

Jirani wa Nyevu, mama wa nyumba ya nyuma kule Tudor, huchambua kunde uani mwake kila asubuhi, uteo mapajani, kuku wakimzungukazunguka miguuni. Vidole vyake vimepauka kwa majivu anayozihifadhia, na kila punje nzuri huisindikiza kwa mnong'ono: "Wewe kaa." Zilizotobolewa na wadudu huwarushia kuku bila neno. Mbegu za dukani hataki hata kuzisikia, kwa kuwa zake huota kila mwaka na yeye hamwombi mtu.

Siku Nyevu alipokuja kuchukua za kupanda masika, afisa aliyekuwa akikagua bustani za mtaani aliingia akamkuta kazifumbata. "Mama, mbegu zisizo na kibali hazigawiwi. Hizo nazichukua." Nyevu hakuwa na nyingine za kupanda.

"Mbegu zi wapi, mwanangu? Nimempa jirani yangu kitoweo."

"Kitoweo chenye majivu?"

Mama alichukua punje moja kiganjani mwa Nyevu, akaitia kinywani na majivu yake, akaitafuna mpaka ikasikika ikivunjika, huku amemkazia macho afisa. Akameza. "Haya, niambie nimekula nini."

Afisa akarudi nyuma hatua moja. Ndipo mama akamgeukia Nyevu, akapaza sauti makusudi: "Nenda kapike. Na zikikuponyoka uani kwako, pale penye udongo laini, usijisumbue kuziokota."