Jimbo Lililotufuata Wadi Kabir

Mwaka wenyewe siukumbuki vizuri, ila ulikuwa kabla ya sabini, maana mafuta yalikuwa yameanza kusemwa katika kila baraza na bado hatujaona faida yake. Mwaka huo mie nilitaka kuolewa, na babaangu alikataa kwa sababu ya kura.

Si kura za huku. Maskati siku zile hakukuwa na kura ya kitu chochote. Kura zenyewe zilikuwa za Unguja, za jimbo letu la shamba, na jimbo lenyewe tangu mapinduzi lilikuwa halipo tena. Waliolichora wamekwenda zao, na sie tuliopiga kura tumefika Wadi Kabir tunakaa nyumba ya makuti, mbuzi wa jirani anakula mikeka yetu. Lakini babaangu alikuja nalo melini jimbo lake kama mtu aliyekuja na sanduku.

Kila alasiri, akishamiminiwa kahwa, alilifungua. Uchaguzi wa mwanzo, wanawake hawakupiga kura, upande wetu ukashindwa. Wa pili tukashinda. Wa tatu tukashinda tena, na babaangu akachinja ng'ombe ambaye mamaangu alikuwa akimkama, hiyo mamaangu hakuisahau. Wa nne, tukashindwa kwa kura chache, vidole vya mikono miwili vinazidi. Basi hapo ndipo alipokuwa akinyanyua vidole. Hiki fulani, alitusaliti kwa ajili ya baskeli. Hiki fulani, mkwewe alimpotosha. Vidole vyote vilikuwa na wenyewe isipokuwa kimoja, hicho alikitazama mpaka kahwa ikapoa.

Mie sikwenda skuli zaidi ya madarasa matatu, lakini historia ya jimbo lile mngenitahini ningepasi.

Sasa huyo aliyenitaka. Alikuwa karani bandarini Matrah, kanzu yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa usije ukajikata. Tulikuja naye meli moja. Nilipokuwa natapika alinipa ndimu ninuse, akenda zake. Mwanamme wa namna hiyo mpaka leo n'ngemchagua. Yeye na wazee wake walikaa Sidab, nyuma ya mlima. Kosa lake lilikuwa moja tu: babaake ndiye aliyekuwa wakala wa upande wa pili katika jimbo letu, anayekaa kituoni kuwatolea macho wapigaji kura, na babaangu alikuwa wakala wa upande wetu, amekaa mkabala naye. Mwisho wake wote wawili walikimbia. Chama chake hakikumfaa kitu yule mzee, alifukuzwa kama sie. Lakini mwambie babaangu hayo!

Wasiokuwapo hawajui siasa ilitufanya nini. Tulisusiana kisima. Tulisusiana duka, harusi, hata maiti. Mtu alikuwa yuko tayari kwenda mbali kununua chumvi kuliko kuinunua kwa jirani wa chama kingine. Mie mwenyewe nilimrushia mchanga shoga yangu kwa ajili ya rangi ya kanga. Nikikumbuka naona haya, kisha nacheka.

Posa ilipoletwa babaangu alisema, "Nyumba hii ni safi. Haijatoa kura kule kwao hata moja, na binti hatatoka kwenda kule."

Mamaangu alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Bwana weye, nyumba hii si safi."

"Una maana gani?"

"Kile kidole chako kisichokuwa na mwenyewe. Ni mimi."

Mie nilikuwa nyuma ya pazia, niliuma kanga.

Akamweleza. Alipokuwa anamzaa mdogo wangu, babaangu yuko kwenye mkutano, na mkunga wa upande wetu yuko huko huko anapiga vigelegele. Mtoto amekaa vibaya. Aliyeingia kwa mlango wa uani, bila kuitwa na mtu, ni mke wa yule wakala, mamaake huyu karani. Akakesha naye. Akamwambia, mtoto hana chama, sukuma. Asubuhi mamaangu alipotaka kumpa kitu, yule mwanamke akakataa hata doti ya kanga. "Basi nilikuwa na kitu kimoja," mamaangu akasema, "nikaupa upande wa mumewe kura."

Nilidhani babaangu atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kitako taratibu, uso umempauka.

"Mke wangu," akasema, "umeniponza. Mimi niliapa barazani mbele ya watu, kabla ya uchaguzi ule. Nilisema mke wangu akitoa kura kule, ameachika."

Mamaangu akaanza kucheka, anacheka machozi yanamtoka.

"Kumbe! Miaka yote hii nampikia mwanamme wa watu!"

"Usicheke, hili jambo la dini!"

"Jifunike basi hayo magoti, mie si mkeo."

Alikwenda kwa shekhe mmoja Maskati, mtu mpole. Shekhe alimwuliza mawili matatu, akamwambia talaka ni moja na ilipita, eda ilikwisha zamani, wala hamkujua, basi hamna dhambi. Lakini sasa mnajua. Mwoe upya, mahari mapya, mimi ntasimama walii kwa kuwa hana jamaa wa kiume huku, na mlete mashahidi wawili. Na mpaka hapo mlale mbali mbali. Babaangu alihamia kwenye kibanda cha kuni.

Tabu ilikuwa mashahidi. Mmoja shekhe alimtoa kwake. Wa pili babaangu hakutaka mtu wa Wadi Kabir, watamcheka mpaka kaburini. Alitaka mtu anayejua kiapo kile kilitokana na nini, asiyehitaji kuelezwa. Katika mji mzima mtu huyo alikuwa mmoja tu. Siku ya tatu kibandani, mgongo unamwuma, akachukua bakora akapanda njia ya mlimani kwenda Sidab. Mume wangu alikuwapo, ndiye aliyenihadithia.

Babaangu alisimama mlangoni, akayamwaga yote. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo yakhe, ile kura ilitoka chumbani kwako?"

"Ilitoka chumbani kwangu."

"Na mie nilipokuona pale kituoni umenikazia macho nikasema leo kwa huyu hapenyi mtu!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Ntakushuhudia. Ndoa yako asubuhi. Jioni nawe umwozeshe mwanangu."

"Hiyo ni rushwa."

"Ndiyo. Huku hakuna sheria ya uchaguzi. Karibu ndani, kahwa ipo."

Ikawa hivyo. Babaangu alioa asubuhi kwa shekhe, watu wanne na mkewe, na jioni mie nikaolewa kwa halwa na watu tele. Majirani waliokuja kunipamba walishangaa kumwona mama wa bibi harusi naye ana hina mpya, mikono na miguu mpaka vifundoni, na ana haya kunishinda mie. Wakamwuliza, khalati, mama mdogo, na weye kulikoni?

"Mwanangu alikuwa anaogopa," mamaangu akajibu. "Nikamwambia n'tatangulia mimi."