Mama Dosari Mkaguzi wa Anga

Mimi nimelinda geti la kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumkamata mwizi hata mmoja. Mke wangu analinda dunia nzima akiwa amekaa sebuleni na kandambili zake miguuni, wala hajaomba hata filimbi. Watu wakiniuliza nani hasa mlinzi katika nyumba hii, najikohoza na kubadilisha mazungumzo.

Kiwandani hapohapo yeye alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza yenye taa kwa chini, mita baada ya mita, naye akitafuta uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta. Wafumaji walimwita Mama Dosari, maana hakuna kosa lililompita. Kwa jina hilo nilimwogopa mwaka mzima kabla ya kumposa. Baadaye ikaja mashine yenye kamera, na meneja akamwambia kwa upole ule unaouma kuliko matusi, "Mama, macho nayo huchoka." Hakulia. Lakini tangu siku ile akawa anasoma maandishi madogo ya kila chupa ya dawa kwa sauti, bila kuombwa, ili tusikie.

Binti yetu, mwalimu wa fizikia, ndiye aliyemletea kazi mpya. Alituambia kuna asteroidi, yaani mawe yanayozunguka jua kama sayari zinavyolizunguka, mengine kama nyumba, mengine kama milima. Likijulikana miaka mingi kabla kwamba linakuja kutugonga, jiwe linaweza kusukumwa kidogo tu likapita pembeni. Lisipojulikana, ndiyo basi tena. Kwa hiyo darubini hupiga picha nne za kipande kimoja cha anga, dakika chache zikipita kati ya moja na nyingine, na watu wa kujitolea huzitazama kwa zamu kwenye kompyuta. Nyota hazitikisiki. Kinachosogea ndicho kinachotafutwa.

"Kwani kompyuta yenyewe haioni?" nikauliza.

"Inaona, Baba, ila vile vidogo hafifu inaviruka. Ndiyo maana nimemkumbuka Mama."

Picha zenyewe zimegeuzwa rangi, anga nyeupe na nyota nyeusi, kama unga uliomwagikiwa pilipili manga. Mke wangu akaitazama ya kwanza, akasema, "Hiki ni kitambaa," akavuta kiti. Kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya chai alikagua anga, na mimi nikapewa kazi ya kunyamaza.

Wiki ya tatu akaona kitone kinatembea. Akapitisha picha pole pole, akakitia alama katika zote nne, akatuma ripoti. Siku hiyo aliimba jikoni. Jibu likaja baada ya siku tano: mahali hapo hakuna kitu, katika picha yoyote.

Alivua miwani, akaifungia ndani ya kasha la nyuzi.

"Meneja alisema kweli," akasema. "Sasa naona visivyokuwepo."

Siku mbili nzima aliipa kompyuta mgongo. Chupa ya dawa yangu mpya ilikaa mezani na hakuna aliyeisoma. Na mimi nilikaa pale nikimtazama, roho ikinisuta, kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakukijua.

Daktari alinikataza sukari. Nilikubali mbele ya mashahidi. Kisha nikaficha kopo la sukari mahali ambapo hakuna mtu angelitafuta, nyuma ya kompyuta. Asubuhi ile ya ripoti nilikuta sisimizi wamejipanga mpaka kwenye kioo, nikawapangusa kwa mkono wa shati. Inaonekana sikuwamaliza.

Siku ya tatu binti akapiga simu kukumbusha kwamba fungu la mwisho la picha linatakiwa kurudi kabla ya saa sita mchana. Mke wangu akamjibu atafute mtu mwenye macho. Hapo nikajikaza kisabuni.

"Mama, kile kitone chako kilikuwepo."

"Usinibembeleze, mzee."

"Kilikuwa sisimizi. Kwenye kioo. Alifuata sukari yangu."

Akanigeukia.

"Sukari gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vijiko vitatu. Kwa kikombe."

Alinipa vidonge vyangu, na sikuvihesabu. Alianza na daktari, akapitia watoto wangu ambao ningewaacha yatima, akafika kwenye kompyuta yake iliyogeuzwa stoo. Halafu akakatiza katikati ya sentensi.

"Sisimizi gani? Wale wakubwa?"

"Wale wadogo kabisa, ambao mimi nawaona wakishaniuma."

"Na mimi nilimwona nikiwa nimekaa kitini?"

"Kitini. Tena ukamfuata picha zote nne."

Akacheka mpaka akashika mbavu, akajifuta machozi kwa upande wa khanga, akaenda kwenye kasha la nyuzi. Kioo alikisugua kwa kitambaa kikavu, kisha akaniapisha kwamba hakuna kopo lingine.

Ilipokaribia saa tano na nusu akasogeza uso karibu na kioo. Kulikuwa na kitone hafifu mno, mimi sikukiona hata nilipoonyeshwa kwa sindano. Kilikuwepo katika picha ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu, hakuna. Akampigia binti.

"Mama, kama katika ya tatu hakipo, huenda ni kasoro ya kamera tu. Usitume, tusije tukaaibika tena."

Mke wangu hakubisha. Alichukua futi kamba, akaibandika kwenye kioo. Kutoka picha ya kwanza hadi ya pili, kitone kilisogea milimita nne. Kutoka ya pili hadi ya nne, milimita nane. Na katikati ya hizo nane, pale ambapo kingetakiwa kuwa, palikuwa na nyota kubwa kama doa la wino.

"Uzi haukukatika," akasema. "Umepita chini ya fundo."

Akatuma saa sita kasoro dakika sita.

Mwezi ulipopita binti alikuja mwenyewe na barua, akaisomea mlangoni kabla ya kuvua viatu. Jiwe lilikuwa la kweli. Hakuna aliyewahi kuliandikisha kabla ya mke wangu. Darubini nyingine zimelifuata na kupima njia yake: litapita mbali sana na dunia, halitatudhuru. Moyo ulinijaa furaha, ila nakiri ulivunjika kidogo pia.

"Kwa hiyo hatukuokoa kitu?"

Mke wangu alinitazama kwa jicho la kiwandani.

"Mzee, wewe ulikamata wezi wangapi?"

"Hakuna."

"Sasa miaka yote ile ulikuwa unafanya nini pale getini?"

"Nilikuwa naandika kila anayepita."

"Basi lete daftari."

Ninalo moja jipya, nililopewa siku ya kustaafu, halijaguswa. Nikachora mistari. Tarehe. Saa ya kuonekana. Nilipofika kwenye safu ya anakwenda kwa nani, nikakwama.

"Andika hana mwenyeji," akasema mke wangu. "Anapita tu."

Nikaandika. Ikabaki safu ya mwisho, sahihi ya mlinzi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi nilipozinduka. Nikaligeuza daftari kumwelekea mke wangu. Alirekebisha miwani, akaandika pole pole, Mama Dosari, kisha akaisoma sahihi yake kwa sauti, bila kuombwa, ili tusikie.