Chupa Sita za Maji ya Hori

Ndugu zangu wa Usambaa mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje mtu wa milimani kama mimi akaenda kuchota maji ya chumvi. Kazi ndiyo iliyonipeleka. Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa bwana afya mjini Tanga. Watu wa mtaa mmoja waliumwa matumbo, na kina mama waliookota kombe, wale chaza wa kuliwa, katika hori, ule mkono wa bahari unaoingia hadi karibu na nyumba za mjini, wakakatazwa kuokota. Nikatumwa nipande hori yote, tangu mdomoni hadi darajani, nichote maji mahali sita yakapimwe.

Asubuhi niliondoka Raskazone kwa baiskeli, sanduku la chupa zilizochemshwa nimelifunga nyuma kwa kamba ya katani. Ufukweni nilimkuta Bi Mwanaidi, kiongozi wa waokota kombe aliyekubali kunipeleka, ameketi mtumbwini, kafi mapajani. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza kama najua kuogelea. Niliposema sijui alicheka sana, akaniambia nikae katikati nisitikisike.

Mdomoni mwa hori maji yalikuwa maangavu, mchanga ukionekana chini. Nikajaza chupa ya kwanza, nikaandika saa na mahali. Tulipofika kwenye mikoko nilikuwa nimekwisha kusahau hofu. Kaa wekundu walikimbia matopeni, na Bi Mwanaidi alinieleza njia nzima wapi maji hutuama, wapi hukimbia, wapi kombe hunenepa. Nikajaza hadi chupa ya tano.

Saa tano, maji yakianza kupwa, aliuingiza mtumbwi katika kijito chembamba kilichofunikwa na mikoko. Nikamwambia chupa iliyobaki ni ya darajani, ndivyo nilivyoagizwa. Akaacha kupiga kafi.

"Mwanangu, nasimama ndani ya maji haya tangu sijaolewa," alisema. "Huko darajani hakuna kosa. Kosa liko hapa, na hakuna aliyeniuliza."

Nilishuka, nikazama matopeni hadi magotini, harufu ikanipiga puani. Nyuma ya mizizi palikuwa na bomba la maji machafu lililopasuka, ambalo ramani yangu haikulionyesha, likimwaga uchafu wote kijitoni. Nikajaza chupa ya sita. Kutoka sikuweza. Bi Mwanaidi alininyooshea kafi akanivuta, nikaangukia mtumbwini kifudifudi, tukacheka hadi mtumbwi ukayumba.

Adhuhuri nilikuwa ofisini, tope limenikaukia mwilini. Bwana afya alinuna kusikia sikufika darajani, lakini chupa zote alizipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja, ya sita ilikuwa chafu kupita kiasi, ya tano chafu kidogo, nyingine safi. Bomba likabadilishwa. Tuliendelea kupima mwezi hata mwezi, mpaka hori yote ikawa salama na ruhusa ya kuokota ikatoka.

Siku hiyo kina mama waliingia majini wakiimba, nami nikaalikwa. Bi Mwanaidi alinipakulia wali na kombe waliopikwa kwa nazi, chakula nisichowahi kukionja, nikala sahani mbili.

Safari ile ilinifunza kuwauliza kwanza wanaosimama majini, ndipo nifungue sanduku. Nikampelekea Bi Mwanaidi nakala ya ripoti, kwa kuwa nilikuwa nimeandika humo kwamba mahali pa chupa ya sita palionyeshwa na yeye. Nilimsomea sentensi hiyo barazani kwake. Akaita jirani zake, kisha akaniomba nisome tena.