Mfumo Usiomjua Mama

Juzi, katika benki moja ya Newala, mama mkulima wa korosho aliomba kadi ya mkopo.

"Shikamoo, mama. Mfumo haukujui, hujawahi kukopa benki," alisema dada wa kaunta.

"Marahaba. Si ndiyo vizuri?"

Mwenye duka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akadakia: "Kwangu anakopa sukari kila msimu wa kulima. Korosho zikiuzwa, ananilipa kabla hajanunua kanga!"

Dada akatabasamu. "Basi akiba yako iwe dhamana, tukupe kadi ndogo. Ukilipa kwa wakati, mfumo utakujua."

Mama akagonganisha viganja. "Yaani nikopeshwe hela yangu mwenyewe! Haya, lete. Ila siku huo mfumo ukinijua, uniamkie kama wewe."

Foleni nzima tuliangua kicheko. Mimi mfumo huo unanijua miaka sasa. Kila mwezi hunikumbusha kulipa, na shikamoo bado naisubiri.